Somo: Kukilinda kishikwambi kabla hakijaibwa, na la kufanya kikishaibwa

Ninatengeneza simu na vishikwambi mjini Moshi, na kwa sababu ya kazi hiyo ninaiona mali ya wizi kutoka upande ambao mwenye mali haoni. Kishikwambi (tablet) kilichoibwa hakikai sana kwa mwizi. Baada ya siku mbili tatu huletwa kwa fundi na kijana anayedai kuwa ni cha dada yake na kwamba dada amesahau nenosiri, naye huomba kifunguliwe haraka bila maswali mengi. Kikifunguka, huuzwa kizima kwa bei nzuri. Kisipofunguka, thamani yake hushuka mpaka ikabaki ya kioo na betri. Kwa hiyo kazi kubwa ya mwenye kishikwambi ni kuhakikisha kwamba siku kitakapofikishwa mezani kwa fundi hakitafunguka, na kazi hiyo hufanywa kikiwa bado mkononi mwake.

Jina lenyewe, kishikwambi, lilizoeleka zaidi wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambayo makarani wake walitumia vifaa hivi, na baada ya sensa vikagawiwa kwa walimu. Ninalitaja hilo kwa sababu wengi wanaonijia ni walimu, na kishikwambi cha serikali kina hatua moja ya ziada nitakayoieleza mbele.

KABLA HAKIJAIBWA

Hatua ya kwanza: andika utambulisho wa kifaa. Kishikwambi kinachotumia laini kina namba ya IMEI yenye tarakimu 15, na kama kina sehemu ya kupigia unaipata kwa kubonyeza *#06#. Kama hakina, fungua Mipangilio, shuka mpaka sehemu inayoeleza kuhusu kifaa, na utaikuta hapo pamoja na namba ya mfululizo. Chenye nafasi mbili za laini kina IMEI mbili, andika zote. Ukiituma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, utajibiwa ni kifaa cha aina gani, na jibu lisilofanana na ulichoshika mkononi ni sababu ya kurudi dukani siku hiyohiyo. Tunza boksi na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nimewahi kumpokea mteja aliyelipiga boksi picha kwa uangalifu mkubwa, kisha akaiacha picha hiyo ndani ya kishikwambi kilekile kilichoibwa. Namba hizi ziandikwe daftarini nyumbani, au zitumwe kwenye simu ya mwenza wako.

Hatua ya pili: funga kioo. Weka namba ya siri yenye tarakimu 6 au zaidi, wala usitegemee mchoro wa kuunganisha nukta, kwa kuwa vidole huacha alama ya mafuta ambayo mtu akikiinamisha kishikwambi juani anaisoma bila shida. Kifunge chenyewe baada ya sekunde 30. Ficha pia maudhui ya ujumbe yasionekane kioo kikiwa kimefungwa, maana msimbo wa kubadilishia nenosiri la benki ukitokea juu ya kioo, kufuli lako halina kazi tena.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa somo, nayo ni akaunti. Vishikwambi vingi vinavyouzwa huku kwetu huwashwa mara ya kwanza na kijana wa dukani, ambaye hufungua akaunti ya Google kwa jina analolijua yeye na nenosiri ambalo mnunuzi hapewi au hulisahau kabla hajafika nyumbani. Kwa miezi kadhaa kila kitu huenda sawa, mpaka siku ya wizi, ambapo mwenye mali hugundua kwamba hawezi kuingia kwenye akaunti ya kifaa chake mwenyewe. Kama hulijui nenosiri la akaunti iliyomo, iondoe leo na uingize ya kwako.

Faida za akaunti ni mbili. Ya kwanza ni kukitafuta kifaa: kwa Android kuna huduma ya Find Hub, ambayo zamani iliitwa Find My Device, na kwa iPad kuna Find My. Hakikisha imewashwa, kisha azima simu ya jirani, ingia, ukione kishikwambi chako kwenye ramani na ukiamuru kilie. Asiyewahi kujaribu nyumbani akiwa ametulia hataweza kufanya hivyo stendi akiwa anatetemeka. Faida ya pili ni ile inayowakera wezi. Tangu toleo la 5.1 la Android, kifaa kilichorudishwa katika hali ya kiwandani kwa nguvu huuliza akaunti iliyokuwamo kabla hakijakubali kuwaka upya, na iPad yenye Find My hufanya vivyo hivyo. Wapo mafundi wanaojua kuiruka kinga hiyo katika baadhi ya aina, na sitadai kwamba hawapo, lakini inawagharimu muda na haifaulu kila mara. Jueni pia kwamba kwenye Android kinga hii haitegemeki pale ambapo kioo hakina kufuli, na ndiyo maana sikuiruka hatua ya pili.

Kama umeweka uthibitisho wa hatua mbili, yaani akaunti hudai msimbo baada ya nenosiri, jiulize msimbo huo unatumwa wapi. Ukitumwa kwenye laini iliyomo ndani ya kishikwambi kilekile, siku ya wizi utakuwa umejifungia nje. Google hutoa misimbo 10 ya akiba. Iandike kwenye karatasi na uiweke pamoja na vyeti vyako.

Hatua ya nne: funga laini yenyewe. Mwizi huichomoa laini, huiweka kwenye simu yake, na kuanzia hapo yeye ndiye anayepokea ujumbe wako wa M-Pesa na misimbo yako. Washa namba ya siri ya laini kwenye mipangilio ya usalama, lakini kwanza waulize watoa huduma namba iliyopo sasa, kwa sababu ukikosea mara tatu laini hujifunga na kudai PUK, namba ya kuifungulia.

Kuhusu safari sina mengi. Kwenye kosta za Moshi na Arusha usikae dirishani ukitazama video huku kioo cha dirisha kikiwa wazi na gari likiwa limesimama Boma Ng'ombe, na begi la mgongoni ligeuzwe liwe la kifuani mara ukifika stendi.

KIKISHAIBWA

Usimkimbize mwizi, na ninaomba sana usipige kelele za "mwizi!" sokoni. Tunaijua mitaa yetu: kelele hiyo hukusanya watu wenye mawe ambao hawakuona lolote, na anayeangukiwa huenda akawa mpita njia. Kishikwambi hakistahili damu ya mtu.

Azima simu, fungua kivinjari katika hali ya faragha ili nenosiri lako lisibaki kwenye simu ya watu, na uingie kwenye huduma ya kukitafuta kifaa. Kifunge kwanza, ukiweka ujumbe na namba nyingine ya kupigiwa. Piga picha ramani inayoonekana pamoja na saa. Usikimbilie kufuta kila kitu, kwa maana kifaa cha Android kikishafutwa hakitaonekana tena kwenye ramani. Amri hiyo iache iwe ya mwisho, isipokuwa kama ndani mna mambo ambayo yakitoka yatakuumiza kuliko kukikosa kifaa. Tena usikiondoe kifaa kwenye akaunti yako kwa hasira, kwani hapo unamfungulia mwizi mlango.

Baada ya hapo piga huduma kwa wateja wa mtandao wako wakaifunge laini pamoja na huduma ya fedha. Kurudishiwa laini kunahitaji alama ya kidole na namba yako ya NIDA, hivyo nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Badilisha nenosiri la barua pepe kabla ya mengine yote, kwa sababu kupitia barua pepe ndipo mengine hubadilishwa. Kama WhatsApp ya simu yako ilikuwa imeunganishwa na kishikwambi, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa kwenye simu na ukitoe.

Kisha nenda kituo cha polisi cha eneo ulikoibiwa ukiwa na boksi, risiti na IMEI. Eleza wazi kwamba umeibiwa, usiseme umepoteza, kwa kuwa kupotelewa huishia kwenye ripoti ya upotevu wa mali ilhali wizi ni jinai yenye kufunguliwa jalada. Utapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi. Inakili, na uandike pia jina la askari aliyekuhudumia. Kwa RB hiyo unaweza kuuomba mtandao wako ufungie IMEI. Nchini kuna rejista kuu ya vifaa inayosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), ileile iliyotumika kuzima simu bandia mwezi Juni 2016, na IMEI iliyofungiwa humo haipokei mtandao wa simu wa kampuni yoyote ya Tanzania. Kifaa hicho bado kitatumia Wi-Fi, na rejista hiyo ni ya nchi yetu, nasi tuliopo baina ya Holili na Namanga tunajua mpaka hauko mbali. Kwa sababu hiyo ifungie mapema, lakini usiitegemee peke yake.

Mwalimu au mtumishi aliyepewa kishikwambi cha serikali amwandikie mkuu wake wa kazi siku hiyohiyo, kwa barua yenye namba ya RB, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri. Ile ni mali ya umma, na anayetoa taarifa baada ya mwezi huonekana kama aliyekiuza.

MASWALI YA WANACHAMA WA KIKUNDI CHETU

Mwanachama wa Sakina, Arusha: Ramani inanionyesha nyumba kilipo kishikwambi changu. Niende na vijana wawili tukakichukue?

Hapana, ndugu yangu. Doa lile la ramani limezungukwa na duara, maana yake kifaa kinaweza kuwa popote ndani ya duara hilo, na kwenye mitaa yetu iliyobanana duara moja hufunika nyumba kumi. Utabisha hodi kwa mama wa watu asiyejua lolote. Mpelekee mpelelezi wa jalada lako picha ya ramani, na umwonyeshe inavyobadilika saa baada ya saa.

Mwalimu kutoka Himo: Shikamoo fundi. Cha kwangu hakina laini, ni cha Wi-Fi tu, na *#06# haileti kitu. Nifanyeje?

Marahaba, mwalimu. Kisichokuwa na laini hakina IMEI, kwa hiyo TCRA na mitandao haina cha kufungia. Namba ya mfululizo ndiyo utambulisho wako polisi, na akaunti ndiyo kinga yako pekee. Kitaonekana kwenye ramani siku mtu atakapokiunganisha na intaneti, hivyo uendelee kuangalia hata baada ya wiki mbili.

Mwanachama wa Usa River: Siku ya nne baada ya kuibiwa iPad nimepokea ujumbe kwamba imepatikana, nibonyeze kiungo niingize nenosiri nione ilipo. Ni kweli?

Ni mwizi huyo, dada. Ameshindwa kuifungua, na namba yako ameisoma kwenye ujumbe uliouweka juu ya kioo. Usibonyeze wala usimjibu. Ujumbe huo uchapishe uuongeze kwenye jalada, na ramani uiangalie kwa kuingia mwenyewe kwenye iCloud.

Mwanachama wa Pasua, Moshi: Nimeletewa kishikwambi cha bei poa mno, hakina boksi. Nitajuaje ni salama?

Mwambie muuzaji akifungue kwa namba yake ya siri, aiondoe akaunti mbele yako, kisha akirudishe katika hali ya kiwandani na kukiwasha upya. Mwenye mali hufanya hayo kwa dakika kumi. Asiye mwenyewe ataanza kukueleza habari za dada yake. Linganisha IMEI na jibu la 15090, na mwandikiane hati yenye namba ya NIDA ya muuzaji na shahidi mmoja. Kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayepokea mali akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, na bei poa mno, mbele ya hakimu, inaweza kuhesabiwa kuwa sababu hiyo.

Mwanachama wa Kiboriloni: Cha kwangu kweli, nimesahau akaunti. Utanifungulia?

Njoo nacho pamoja na boksi, risiti na kitambulisho chako. Kama ni iPad, kampuni ya Apple yenyewe hupokea maombi ya mwenye risiti, nami nitakusaidia kuyajaza. Kama ni Android, tutaanza na kurejesha akaunti kwa namba yako ya simu, na mara nyingi hatuhitaji kwenda mbali zaidi ya hapo. Bila risiti wala boksi sitakigusa, hata ukiwa jirani yangu.