Kutumia lenzi ya zamani ya milimita 50 yenye uwazi mkubwa mjini Bagamoyo

Lenzi ya zamani ya milimita 50 yenye uwazi (tundu la kupitishia mwanga) wa f/1.4, ambapo namba ikiwa ndogo uwazi huwa mkubwa, kama Super-Takumar ya Pentax ya miaka ya 1960, hununuliwa na wengi kwa ajili ya namba hiyo, kisha ikaachwa wazi kabisa mahali popote na saa yoyote. Kwa mtu anayetembea na kamera ya filamu Bagamoyo kila siku, shauri langu ni kinyume chake: uwazi ule mkubwa uhifadhiwe kwa ajili ya mwanga hafifu, na kazi ya mchana ifanywe kati ya f/5.6 na f/11, ambako lenzi hizi hutoa picha safi hadi kwenye kona.

Sababu ya kwanza ni hesabu ya mwanga. Ukiwa na filamu ya ISO 400 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) kwenye jua kali la ufukweni, f/16 inahitaji kasi ya shata, yaani pazia la kamera, ya sekunde 1/500 hivi. Kutoka f/16 hadi f/1.4 ni hatua saba, kila moja ikiongeza mwanga maradufu, yaani mwanga mara 128; ungehitaji kasi ya 1/64,000 hivi, ilhali kamera nyingi za enzi hizo huishia kasi ya 1/1000. Hata katika kivuli chenye mwanga wa kutosha kando ya kuta za Mji Mkongwe, kasi hiyo itakuruhusu kufika f/4 tu. Anayetaka kufungua zaidi mchana na atumie filamu ya ISO 100, au afunge kichujio cheusi cha kupunguza mwanga.

Kwa picha za soko la samaki, ambako watu hawasimami, weka f/8 na elekeza fokasi mita 5. Kila kitu kuanzia mita 3 na nusu hivi hadi karibu mita 10 kitaonekana vizuri, nawe hutahitaji kuzungusha pete ya fokasi tena. Omba ruhusa kwanza. Picha ya mtu aliyekubali huwa bora kila mara.

Ndani ya nyumba, au jioni baada ya jua kuzama, ndipo f/1.4 inapostahili. Kwa filamu ileile ya ISO 400, chumba chenye taa ya kawaida hupigika kwa 1/60 bila mwako wa kamera (flashi). Hata hivyo, mtu akiwa umbali wa mita 1, sehemu inayoonekana kwa ukali ina kina cha sentimita 3 tu. Kwa hiyo lenga jicho lililo karibu nawe, bana viwiko mbavuni, wala usiyumbe baada ya kulenga. Ukipiga mlango wa nakshi kwa uwazi huo, simama ukiukabili sawasawa, la sivyo upande mmoja wa maua yaliyochongwa utafifia.

Jua la Bagamoyo huchomoza baharini. Asubuhi, anayepiga majahazi kutoka ufukweni hukabiliana nalo moja kwa moja, na lenzi zilizotengenezwa kabla Pentax haijaanza kuzipaka tabaka nyingi za kuzuia mng'ao mwaka 1971 hutoa picha zilizopauka katika hali hiyo. Tumia kikingajua cha lenzi, au kinga kwa kiganja. Alasiri jua huwa mgongoni mwako, na mbao za vyombo huonyesha rangi zake.

Kabla ya kununua, itazame lenzi dhidi ya tochi. Nyuzi nyeupe zilizosambaa kama utando ni kuvu, adui mkubwa wa vioo vya pwani, na mimi nisingeinunua lenzi yenye kuvu kwa bei yoyote. Manjano ni jambo jingine: baadhi ya Super-Takumar za f/1.4 zina kioo chenye thoriamu, elementi yenye mionzi, ambacho hugeuka rangi kwa miaka mingi, na mwanga wa urujuanimno hukisafisha pole pole. Kwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe manjano hayo hayadhuru, kwani hufanya kazi ya kichujio chepesi.

Unaporudi kutoka ufukweni, futa chumvi kwenye mwili wa lenzi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, iache ikauke, kisha ifungie katika kopo lisiloingiza hewa pamoja na vifuko vya silika, ambavyo ni lazima vikaushwe au vibadilishwe vinapojaa unyevu.