Jinsi ya kuishi leo wakati kichwa kishafika kesho

Wapendwa, mimi ni mtu wa mawazo. Napanda daladala Ihumwa nashuka mjini hata sijui tumepita wapi, njia nzima napiga hesabu za kodi, ada, na mvua kama itanyesha. Ibadani ndo usiseme, mchungaji yuko kwenye neno mimi niko kwenye marejesho ya kikoba.

Kilichonifungua ni habari ya mana, kile chakula Mungu aliwashushia Waisraeli jangwani, Kutoka 16. Waliambiwa waokote ya siku moja, waliojifanya wajanja wakalaza akiba wakaamka wanakuta mabuu na harufu, siku ya sita tu ndo waliokota mara mbili kwa ajili ya sabato. Yaani nguvu ya kubeba Alhamisi unapewa Alhamisi, ukiitafuta Jumatatu hutaiona.

Sasa unafanyaje? Asubuhi simu iache ilale kwanza. Sali Sala ya Bwana taratibu, ukifika "utupe leo riziki yetu" simama hapo kwenye leo, taja mambo ya leo tu, hata kama ni kufua. Halafu chukua daftari, andika yote yanayokukosesha usingizi, na pembeni ya kila moja andika unachoweza kukifanya leo. Ukikuta hakuna, liombee ufunge daftari.

Simaanishi usipange, aisee. Hapa Dodoma msimu wa mvua ni mmoja, asiyeweka akiba analia kiangazi, na Yusufu alihifadhi nafaka miaka 7 kule Misri. Ila kupanga kuna mwisho, ukimaliza unalala. Kuwaza unarudia hesabu ileile saa nane usiku na jibu halibadiliki.

Zoezi lenyewe hasa la kuwepo kwenye leo nilifundishwa na mlenda, ile mboga ya kuteleza, kwa shangazi, Bahi. Maji yakichemka unatia magadi kidogo, unamwaga ule unga wa mlenda mkavu kidogokidogo huku unapekecha, karanga zinafuata baadaye. Ukiondoa macho tu, mlenda unafura. Mimi nikajibu meseji moja, moja tu, nageuka mlenda umemwagika wote kwenye mkaa, moto umezima na ugali wa uwele ushaiva. Shangazi akaniuliza, "Mwanangu, kwani ulikuwa wapi?" Na nilikuwa nimesimama palepale!

Tangu hapo nachagua kazi moja ya mikono kila siku, kuosha vyombo au kuchambua mboga, naifanya bila redio bila simu, naangalia mikono yangu na kumshukuru Mungu kwa kilichopo mbele yangu. Dakika kumi zinatosha kuanzia. Akili ikitoroka usijigombeze, sema "Bwana, niko hapa" uendelee, hata ikitoroka mara ishirini.

Jana nimejaribu kwenye daladala. Kutoka Ihumwa mpaka Nanenane nilikuwepo kabisa, baada ya hapo ada ikanibeba.