Lithiamu: damu, maji, chumvi na vidonge vya maumivu

Lithiamu ni dawa kongwe ya baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) na bado inategemewa, ila kiasi kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana mno. Kwa mtu mzima anayeitumia muda mrefu, damu kwa kawaida hutakiwa kusoma 0.6 hadi 0.8 mmol/L, wengine daktari huwafikisha 1.0. Ikivuka 1.5, hiyo tayari ni sumu.

Damu itolewe saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Ukimeza saa 3 usiku, uwe maabara saa 3 asubuhi, na kama una dozi ya asubuhi, isubiri hadi damu itolewe. Tazama na kichupa: chenye kifuniko cha kijani mara nyingi kina heparini ya lithiamu (kizuia damu kuganda chenye lithiamu ndani yake), na majibu yatapanda bure. Uliza kabla hujachomwa. Pima wiki moja baada ya kuanza au kubadilishiwa dozi, rudia kila wiki hadi kiwango kitulie, kisha kila miezi 3 kwa mwaka wa kwanza. Figo na tezi ya thairoidi, kila miezi 6.

Figo huishughulikia lithiamu kama chumvi. Mwili ukikaukiwa maji au chumvi, figo hung'ang'ania vyote, na lithiamu hupanda ingawa hujaongeza hata kidonge. Kwa hiyo homa kali, kuhara au kuacha chumvi ghafla si jambo dogo. Ukitapika au kuharisha mfululizo, sitisha dozi na umwone daktari siku hiyohiyo. Anayetaka kufunga Ramadhani amwone mapema, kabla ya mwezi kuandama.

Kinachowaponza wengi ni dawa za maumivu, diklofenaki na ibuprofeni: huipandisha lithiamu, na dukani hupewa bila kuulizwa. Jino likiuma, omba parasetamoli. Dawa za presha kama enalapril, lisinopril na hydrochlorothiazide nazo huipandisha.

Vidole kutetemeka kidogo ni kawaida. Chai ikianza kumwagika kikombeni, ukayumba, ulimi ukawa mzito au ukachanganyikiwa, usimeze tena, nenda hospitali.

Umesahau dozi? Usimeze mbili kwa mpigo. Kuacha ghafla huweza kurudisha ugonjwa kwa kishindo: hupunguzwa na daktari kwa wiki 4 au zaidi, afadhali miezi 3. Na ukipewa vidonge vya kampuni nyingine, pima damu upya.