Slaidi ya Kato-Katz: safura kwanza, kichocho baadaye

Shule za kandokando ya Ziwa Victoria, Ukerewe au Magu kwa mfano, mtoto mmoja anaweza kuwa na kichocho cha tumbo na minyoo ya safura kwa pamoja. Slaidi moja ya Kato-Katz (kioo chenye kinyesi kilichopimwa, kinachotazamwa kwa darubini kutafuta mayai ya minyoo) inaonyesha vyote viwili, ila si kwa wakati mmoja. Gliserini ile inayong'arisha kinyesi inaendelea kufanya kazi: baada ya dakika 30 hadi 60 mayai ya safura yanafifia hadi kutoweka, nawe utaandika "hana" kumbe anayo. Kwa hiyo tengeneza slaidi chache, zisome, ndipo utengeneze nyingine. Kurundika hamsini asubuhi ili zisomwe mchana ni kujidanganya. Yai la kichocho, lenye mwiba ubavuni, halina haraka. Hata kesho yake utaliona, tena vizuri zaidi.

Chuja kinyesi kwanza, kisha jaza pomoni tundu la kibati (kipimo kinachowekwa juu ya slaidi), pasibaki hewa. Kwa tundu la miligramu 41.7, zidisha mayai uliyohesabu kwa 24 upate idadi ya mayai kwa gramu moja ya kinyesi. Kwa kichocho, mayai 1–99 kwa gramu ni maambukizi mepesi, 100–399 ya wastani, 400 na kuendelea ni makali. Choo cha majimaji hakifai kwa njia hii.

Slaidi mbili za choo kimoja bado hazitoshi kusema mtoto ni salama, maana mayai hayatoki sawa kila siku. Omba choo cha siku nyingine, hasa maambukizi yakiwa mepesi.