Namna ya Kufikisha Maoni ya Mtaa kwenye Sera ya Afya

Kikundi cha wakazi wa Mbagala au Tandale kinachotaka kusikika katika sera ya afya kianzie kwenye zahanati iliyo jirani, kwa kuwa malalamiko ya jumla humchosha msomaji wa wizarani. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inawapa msamaha wa malipo wajawazito na watoto walio chini ya miaka 5. Hivyo mjamzito akitumwa dukani kununua glavu na uzi wa kushonea, andikeni tarehe, kifaa na bei aliyolipa, hifadhini risiti, na jina lake msilitaje.

Taarifa hizo zipelekwe kwanza kwa kamati ya usimamizi ya kituo, kisha kwa diwani, ambaye huongoza Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo hoja ya fedha inayoletwa Mei kwa kawaida imechelewa.

Ngazi ya taifa ina mlango wake. Muswada ukishasomwa Bungeni mara ya kwanza hupelekwa kwenye kamati, ambayo huweza kuwaalika wadau. Ule wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa Septemba 2022 na kupitishwa Novemba 2023, muda uliotosha kabisa kwa asasi zilizojiandaa. Tajeni kifungu mnachokipinga, kisha pendekezeni maneno mbadala. Kurasa mbili zinatosha, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa.