Umekosa zabuni ya serikali? Kagua haya kabla ya kwenda kulalamika

Barua ya kukataliwa ikifika, chukua kalamu uandike pembeni yake tarehe na saa uliyoipokea. Kama imekuja kwa barua pepe, hifadhi ujumbe wenyewe, usitegemee picha ya skrini. Siku za kulalamika ni chache mno. Kenya, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inampa mzabuni siku 14 za kuomba mapitio, na bodi inayosikiliza ina siku 21 za kuamua. Marekani, malalamiko yanayopelekwa GAO, ofisi ya ukaguzi ya bunge la nchi hiyo inayosikiliza pia mashauri ya zabuni, kwa kawaida yana siku 10 tangu mlalamikaji ajue sababu ya kulalamika, au alipopaswa kuijua. Hilo la "alipopaswa kuijua" ndilo linaloangusha watu. Ukija kueleza kwamba ujumbe ulilala kwenye barua taka tangu Ijumaa, usitarajie kuhurumiwa. Anwani unayoijaza kwenye fomu ya zabuni iwe ya kikasha kinachofunguliwa kila siku, si cha karani aliyeacha kazi mwaka jana.

Haraka yote hii inatokana na mkataba. Ukishasainiwa, kuufumua ni kazi nyingine kabisa, na mara nyingi kinachobaki kudai ni fidia tu. Mwaka 1996 wizara moja ya Austria ilitoa zabuni ya mfumo wa kusafirisha data kwenye barabara kuu, ikachagua mshindi na kusaini naye siku hiyo hiyo. Washindani wengine walipata habari magazetini. Shauri lilifika Mahakama ya Ulaya, na hukumu ya 1999 ikataka uamuzi wa kumchagua mshindi uweze kupingwa kabla ya mkataba kufungwa. Leo nchi za Umoja wa Ulaya zina kipindi cha kusubiri kisichopungua siku 10 pale taarifa inapotumwa kwa njia ya kielektroniki, Jumamosi na Jumapili zikihesabiwa humo humo. Kwa hiyo ulizia mapema: huko unakolalamika, kufungua shauri kunasimamisha mkataba kwenyewe, au lazima uombe zuio? Kama ni la kuombwa, liombwe pamoja na lalamiko lenyewe.

Sasa kosa ninaloliona kuliko yote. Mtu ananunua nyaraka za zabuni, anakuta sharti kwamba mwombaji awe ameshafanya kazi tatu za ukubwa ule ule kwa wizara ile ile. Anajua sharti hilo limeshonwa kwa vipimo vya mtu fulani. Ananyamaza, anawasilisha, anashindwa, kisha analalamikia sharti. Amechelewa. Kwa GAO, kasoro inayoonekana wazi kwenye nyaraka hulalamikiwa kabla ya muda wa kupokea zabuni kufungwa, na hata kwingine utaulizwa ulikuwa wapi siku zote hizo. Omba ufafanuzi kwa maandishi ukingali na muda, utunze swali na jibu. Watu huogopa kuonekana wasumbufu. Mimi naona bora msumbufu wa mapema.

Halafu kuna faili lako mwenyewe. Baki na nakala kamili ya ulichowasilisha, kurasa zikiwa na namba kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Niliwahi kusaidia kampuni iliyoambiwa ukurasa wa dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya benki kwamba mzabuni hatajitoa, haumo. Wao waliapa uliwekwa, ila nakala yao haikuwa na namba hata moja, basi ikabaki neno lao dhidi ya la kamati ya tathmini. Siku ya ufunguzi nenda, au umtume mtu mwenye daftari: aandike nani kahudhuria, bei zilizosomwa, nani kaleta dhamana na nani hana. Usijenge hoja kwa kutegemea kusoma zabuni ya mshindani. Sehemu kubwa yake ni siri, na utakachopewa mara nyingi ni muhtasari.

Kabla ya kulipa ada, fanya hesabu bila hasira. Tuseme bei zinafunguliwa baadaye, za waliovuka hatua ya kiufundi tu; alama za kuvuka ni 70, nawe umepata 68. Kama kamati imeruka cheti cha mhandisi wako chenye alama 5, unafika 73 na bei yako inapaswa kufunguliwa. Hapo una shauri. Kama unachoweza kuthibitisha ni alama 1, unaishia 69, na hata kamati ikikiri kosa bado uko nje. Vivyo hivyo ukiwa wa nne na hoja yako inamgusa wa kwanza tu: utakuwa umempigania wa pili. Jua pia unaomba nini, tathmini irudiwe, zabuni ifutwe au ulipwe fidia, maana ombi lisiloandikwa ni rahisi kupitwa.

Mwisho, angalia uhai wa zabuni yako. Zabuni ina muda wake na dhamana ina wake, na siku zinaweza kuendelea kuhesabika huku nyinyi mkibishana. Muda ukiisha katikati ya shauri, huenda ukashinda lalamiko na usiwe na zabuni ya kutathminiwa. Kaulize benki, kabla hujafungua lolote, inahitaji siku ngapi kuongeza muda wa dhamana.