Mwongozo ufunguliwe baada ya sura
Kwa wanaojiandaa na karatasi ya Fasihi ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya) hapa Mombasa: soma sura nzima kitabuni, kifunge, andika matukio kwa mistari mitano, ndipo ufungue mwongozo (kijitabu cha muhtasari na maelezo ya kitabu hicho) na ujisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi hiyo ndiyo orodha yako ya marudio. Swali la muktadha wa dondoo (maneno yaliyonukuliwa kitabuni) hutaka msemaji, msemewa, mahali na sababu. Muhtasari wa mwongozo mara nyingi humeza mahali na msemewa, na hapo ndipo alama hupotea. Kwa ushairi njia hii haifai. Ukinunua mwongozo wa mkono wa pili, hakikisha ni wa kitabu teule (kinachotahiniwa) cha sasa. Hata hivyo, kurasa huenda zisilingane na chapa yako.